Sufuria Iliyoitwa Shangazi

Ukimtabiria jirani, kamsomee mlangoni.

Methali hii ilianza hivi, na ninaisimulia mimi kwa sababu nilikuwapo. Tena si kuwapo kwa kusimama pembeni; mimi ndiye niliyeisababisha. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba iliachwa na wahenga, mwambieni mhenga mmoja bado yu hai, anaitwa Saumu, na anaumwa magoti.

Mmenijia mbio kutoka kwenye mkutano wa vijana, mnasema mwenyekiti alimkata kauli Nasra kwa maneno hayo, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nyinyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Ndiyo tabia yenu. Haya, kaeni. Kila mtu achukue ungo achambue maharage, maana mimi sisimulii bure. Atakayenikatiza ataongezewa ungo wa pili.

Mnajua kwamba hapa Kwembago tuna chama chetu cha shughuli. Mtu akifiwa au akiozesha, chama humpa turubai, mikeka na masufuria. Wakati huo nilikuwa nimestaafu kazi ya simu. Miaka ishirini na mbili nilikaa posta mbele ya ubao wa kuunganisha simu, nikisikia watu wakigombana kwenye waya, na sikuwahi kumpelekea mtu neno la mwenzake. Kwa sifa hiyo nilichaguliwa kuwa katibu wa chama, na simu za mkononi zilipoingia wakaniambia, "Bi Saumu, wewe ndiwe admini wa grupu." Sikujua admini ni nini. Nilidhani ni mtu wa kupokea simu.

Grupu liliitwa Kwembago Shughuli na Misiba, na lilikuwa la hayo tu: nani kafariki, nani anaozesha, mikeka iko kwa nani. Tulikuwa watu mia mbili na ushei, tumetulia. Kisha diwani wetu akafariki, Mungu amrehemu, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Vyama viwili vikasimamisha watu. Kimoja alama yake ilikuwa kengele, na kingine mwavuli. Basi utulivu ukaishia hapo.

Sasa sikilizeni vizuri. Matusi hayakuwapo. Watu wa Kwembago hatutukanani hadharani, maana kesho tutakutana sokoni. Walichofanya ni kutabiri. Wa Kengele akiandika, "Mwavuli wakipita, watahamisha zahanati waipeleke kwao bondeni." Wa Mwavuli akijibu, "Kengele wakipita, soko litafunguliwa siku moja tu kwa wiki, siku ambayo wao ndio wamevuna kabichi." Huyu: "Mwavuli watapaka shule rangi ya zambarau." Yule: "Kengele watatundika kengele njia panda waigonge saa kumi alfajiri, ili sisi tusilale." Mtu amekaa kwake, kala, kashiba, na anaujua moyo wa jirani yake kuliko Mola aliyeuumba!

Nikajaribu kufuta. Nikifuta ya Kengele, naambiwa admini ni Mwavuli. Nikifuta ya Mwavuli, naambiwa admini ni Kengele. Jumanne moja niliitwa vyote viwili kabla chai haijachemka. Mzee Kupaza, aliyekuwa hashiki adabu hata kidogo, nikamtoa kabisa. Baada ya dakika tano akarudi kwa simu ya mkewe. Ikawa tunasoma habari za bajeti ya halmashauri chini ya picha ya mwanamke aliyevaa dera la maua, ameshika keki.

Shida yangu ilikuwa hii. Tusi ningelifuta na kila mtu angekubali. Uongo ningeutakia ushahidi. Lakini utabiri utaufanya nini? Ukimwuliza mtu ushahidi anakwambia, "Subiri utaona." Na sijapata kumsikia mtu akirudi kusema, jamani, nilisubiri na sikuona kitu.

Mkuu wa watabiri wote alikuwa Mzee Athumani Hoza, mfanyabiashara wa matunda, Kengele wa damu. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu siku moja simu yake ilikwama kwenye herufi kubwa na hakujua kuzitoa. Hata akitusalimu asubuhi ilikuwa kama anatugombeza. Lakini hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema. Alikuwa na mdomo tu.

Mzee Hoza alikuwa na binti mmoja, Mwanaidi, na Mwanaidi alikuwa anaolewa Jumamosi, wiki moja kabla ya kura. Wakwe walikuwa wanatoka Korogwe kwa mabasi mawili, na Mzee Hoza alikwisha kuwaahidi shughuli ya watu mia nne. Huwezi kulisha watu mia nne kwa vyombo vya nyumbani. Lazima masufuria ya chama.

Masufuria ya chama yalikuwa manane, na yalitunzwa kwa Mama Shebughe. Huyo alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuitia mbuzi walio mlima wa pili, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa Mwavuli. Sufuria kubwa kuliko yote tuliiita Shangazi, kwa sababu bila shangazi hakuna harusi. Ilikuwa inapika kilo arobaini za mchele kwa mkupuo mmoja.

Na masufuria yale yana sheria yake, ambayo nyinyi vijana mnaijua nusu. Mwenye shughuli huyafuata mwenyewe. Si mkewe, si mtoto wake. Anakwenda kwa mtunzaji, anapiga hodi, anasema, "Nina jambo." Hayapelekwi kwa mtu ambaye hajayaomba, hata siku moja, isipokuwa kwenye nyumba iliyofiwa, maana mfiwa hana nguvu za kutembea kuomba. Kwa hiyo hapa kwetu sufuria kubwa ikikujia mlangoni hukuiomba, maana yake ndani mwako kuna maiti. Umpelekee mtu masufuria wiki ya harusi ya mwanawe? Utakuwa umemwapiza.

Basi Jumatatu ya wiki ile, Mzee Hoza badala ya kuvaa viatu akashika simu. Akaandika: "MWAVULI WATATUNYIMA MASUFURIA. MAMA SHEBUGHE ATASEMA SHANGAZI IMETOBOKA. MTANIAMBIA."

Mama Shebughe hakujibu mchana. Jioni akaandika: "Hoza haji kwangu. Atakata pipa apikie humo, ili asije akamshukuru mtu wa Mwavuli."

Nikazisoma jumbe zote mbili, nikaiweka simu mezani, nikaifunika kwa kawa.

Enhe, Nasra, umefungua mdomo. Unataka kuuliza kwa nini asiende tu kuomba? Chukua ungo wa pili, kisha nikujibu. Hakwenda kwa sababu alikwisha kutangaza atakachoambiwa. Mtu aliyelitangaza jibu ataendaje kuuliza swali? Akipewa, ataonekana mwongo. Akinyimwa, ataonekana mjinga aliyejua na bado akaenda. Amejijengea ukuta, na tofali la mwisho kaliweka akiwa ndani.

Jumatano kijiji kizima kikasikia mlio wa chuma kikikatwa. Mzee Hoza alikuwa amepata pipa. Pipa lenyewe lilikuwa na historia: lilitunza rangi ya bati, ile ya kijani. Akalisugua kwa mchanga, akalisugua kwa majivu, akalisugua kwa sabuni ya mche. Akasema sasa tujaribu, tupike kilo tatu. Pilau ikatoka na rangi ya majani ya mgomba, na harufu yake ni gereji tupu. Wakamwaga kidogo uani. Kuku wakaja, wakaonja, wakatazamana, wakaenda zao.

Mzee Hoza akasema, "Tukizidisha iliki harufu itakata."

Alhamisi asubuhi mkewe, Mama Mwanaidi, akaingia jikoni kwangu akilia. Si kilio cha kutafuta huruma, analia hasa, kamasi na machozi.

"Bi Saumu, uso wangu nitauweka wapi? Wakwe wanakuja kula rangi ya bati!"

"Mwambie mumeo aende kwa Mama Shebughe."

"Nimemwambia tangu Jumatatu. Ananijibu lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Na Mwanaidi anasemaje?"

"Amejifungia ndani. Anasema afadhali harusi iahirishwe kuliko aitwe Bibi Harusi wa Pipa mpaka anazeeka."

Na hilo halikuwa jambo la kupuuza. Kwembago jina likikupata halikuachi. Kuna mzee hapa anaitwa Chumvi Nyingi kwa sababu ya pilau ya harusi yake, na sasa hata wajukuu zake wanaitwa akina Chumvi Nyingi. Nilimfikiria Mwanaidi, binti mpole niliyemwona akizaliwa, na hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa moto.

Nikaifunua simu. Nikaandika: "Kuanzia leo, anayetabiri watakachofanya wenzake amtaje mmoja wao kwa jina. Kisha aende mlangoni kwake, apige hodi, amsomee alichoandika neno kwa neno, atuletee jibu. Asiyetaka kusoma, asiandike. Atakayeandika bila kusoma, namtoa. Wa kwanza ni Mzee Hoza. Ni mimi admini, na leo najua admini ni nini."

Nikamwambia Mama Mwanaidi, "Niachie simu yako, unywe uji hapo." Nikajifunga kanga, nikatoka.

Mzee Hoza nilimkuta anapanga matunda kwenye tenga. Ujumbe alikuwa amekwisha kuuona, maana alikuwa anaviminya vitunda vya watu kwa hasira.

"Mzee Hoza, vaa viatu."

"Bi Saumu, mimi ni mtu mzima. Siwezi kupelekwa kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Uliandika ukiwa mtu mzima?"

"Niliandika siasa. Siasa ndiyo ilivyo."

"Basi kasome siasa."

"Na nisipokwenda?"

"Nakutoa kwenye grupu."

Akacheka. "Nitoe. Nitarudi kwa simu ya mke wangu, kama Kupaza."

Nikaitoa simu ya mkewe kifuani mwa kanga, nikamwonyesha. Kicheko kikakatika. Nyinyi mnaona kutolewa kwenye grupu ni mchezo, lakini grupu lile ndilo lililokuwa likitangaza misiba. Mtu wa Kwembago asiyejua nani kafariki, akapita sokoni anapiga mluzi siku ya mazishi, huyo kwisha habari yake. Mzee Hoza akatafuta viatu.

Tukaenda. Nyuma yetu watu wakaanza kutoka majumbani, mmoja mmoja, kila mtu ana shughuli yake ya ghafla. Tulipofika kwa Mama Shebughe, genge la jirani lilikuwa na wateja thelathini wanaochagua nyanya, na nyanya zenyewe hazikuzidi ishirini.

"Piga hodi," nikamwambia.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mgonjwa.

"Karibu!" Mama Shebughe akatoka, mikono ina povu la sabuni. Alipomwona aliyesimama pale, akajifuta taratibu kwenye kanga. "Karibuni. Habari za huko, Baba Mwanaidi?"

"Njema, Mama Shebughe. Za hapa?"

"Njema. Maandalizi ya harusi?"

"Yanaendelea."

Wote wawili wakawa wanatazama chini, utadhani wamepoteza sindano.

"Mama Shebughe," nikasema, "Mzee Hoza ana jambo la kukusomea."

Mzee Hoza akatoa simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Hapa nimeandika... kwa jumla... kuhusu vyombo vya chama, kwamba pengine..."

"Soma ilivyoandikwa."

"Bi Saumu, imekaa vibaya kidogo."

"Aliyeikalisha ni wewe. Na herufi ni kubwa, unaziona."

Akakohoa. Maneno yale yaliyoandikwa kwa herufi kubwa yakatoka kwa sauti ndogo kabisa. "Mwavuli watatunyima masufuria. Mama Shebughe, yaani wewe, atasema Shangazi imetoboka. Mtaniambia."

Hata gengeni waliacha kuminya nyanya.

"Ilitoboka," akasema Mama Shebughe.

Loo! Mzee Hoza aliruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. "Si nilisema! Bi Saumu, umesikia kwa masikio yako! Si nilisema!" Wa Kengele waliokuwa gengeni wakapiga makofi. Nawaambia kweli, mimi mwenyewe nilitamani kurudi nyumbani. Nikasema, Saumu, leo umejipatia aibu ya uzee.

Mama Shebughe hakupandisha sauti, naye si mtu wa kukosa sauti. Akasema tu, "Ingia ndani uone."

Tukaingia uani. Masufuria manane yalikuwa yamefudikizwa juu ya majani, yamesuguliwa mpaka yanaumiza macho. Shangazi ilikuwa ya mwanzo, na kitakoni pake palikuwa na kiraka kipya cha bati nene, kimechomelewa kwa duara.

"Nilipoona tangazo la harusi ya Mwanaidi," akasema Mama Shebughe, "nikayatoa niyasugue, nikisema Baba Mwanaidi atakuja wakati wowote. Ndipo nikaliona tundu. Nikasema nikuandikie, tushauriane, tufanyeje. Nafungua simu, nakuta umekwisha kuandika. Umeandika kwamba nitasema imetoboka. Sasa, Baba Mwanaidi, ningesema nini? Sufuria imetoboka kweli, na mdomo wangu umeufunga wewe."

Mzee Hoza akainama, akakigusa kiraka kwa kidole.

"Nikasema, huyu mtu hataipata raha hiyo. Jumanne nikajitwika Shangazi, nikashuka nayo mjini kwa fundi. Utingo alikataa kuipakia, alisema nilipie viti vitatu, nikateremka kwa miguu. Njia nzima watoto wananikimbia, wanaona sufuria inatembea. Jana nikapanda nayo. Hii hapa miguu yangu, itazame."

Tukaitazama. Ilikuwa imevimba, na kisigino kimoja kilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Mwanamke wa miaka sitini na mbili. Mzee Hoza aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Aliona haya, nami niliona haya kwa ajili yake.

Lakini haki ni haki. "Mama Shebughe," nikasema, "kalete na wewe simu yako."

"Mimi?" Sasa sauti ya mbuzi ikatoka. "Mimi nimekosa nini? Nimejitwika sufuria mlima mzima!"

"Na umetabiri. Ilikupasa uende kwake, ila kwa kuwa miguu imevimba, nakuruhusu usomee hapa hapa."

Akaleta simu huku ananung'unika, akasoma haraka haraka: "Hoza haji kwangu atakata pipa apikie humo ili asije akamshukuru mtu wa Mwavuli."

"Pipa!" Mzee Hoza akapigwa na butwaa. "Mama Shebughe, Wallahi mimi sikuwa na habari ya pipa! Jumatatu ile nilikuwa nimekaa najiuliza, jamani, nitapikia nini? Nikasoma ujumbe wako. Nikasema, kumbe! Pipa!"

"Wazo la pipa ulilitoa kwangu?"

"Kwako! Hata fundi nilimwonyesha ujumbe wako."

Nilicheka, wanangu. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya sufuria ya chama, jambo ambalo katibu haruhusiwi. Mama Shebughe naye akaanza kucheka huku amejishika kiuno, kisha Mzee Hoza. Maana tazameni: sufuria ilitoboka kweli, na pipa lilikatwa kweli. Kama utabiri ni mtihani, wote wawili walifaulu. Ila Hoza alisema tundu litatajwa kwa roho mbaya ya Mama Shebughe, na Mama Shebughe alisema pipa litakatwa kwa kiburi cha Hoza, na yote mawili yalikuwa uongo. Mmoja alikuwa anapandisha sufuria mlimani, na mwingine alikuwa amekwama tu, hajui pa kutokea.

"Sasa toka nje," nikamwambia Mzee Hoza.

"Nitoke tena?"

"Kuomba hujaomba. Ulikuja kusoma."

Akatoka, akafunga mlango, akapiga hodi. Safari hii hodi ilikuwa ya mtu mzima.

"Karibu, Baba Mwanaidi."

"Nina jambo, Mama Shebughe."

"Jambo gani?"

"Namwozesha binti yangu Jumamosi. Naomba masufuria." Na hapo, mwanaume mzima, akajifuta macho kwa mkono uliokuwa bado unanuka matunda.

"Yanakusubiri," akasema Mama Shebughe.

Msidhani kisa kimeisha. Jumamosi asubuhi jiko lilikuwa limewaka uani kwa Mzee Hoza, akina mama wa Kengele na wa Mwavuli pamoja, Mama Shebughe ameketi kitini na miguu yake iliyovimba, anaamrisha. Shangazi imekaa juu ya mafiga, pilau ndani inatokota, harufu yake inafika barabarani. Mara tukasikia: tss. Kimya. Tss. Tone limeangukia kaa la moto. Kiraka kilikuwa kinaachia.

Wakati huo huo mabasi ya wakwe yakawa yanapiga honi chini mtoni, na Mzee Hoza akawa anaingia jikoni, kanzu nyeupe, kofia mpya, kuja kuona chakula kimefika wapi. Tss. Akasikia. Kila mwanamke pale aliacha alichokuwa akifanya, maana hakuna asiyejua yule mzee aliandika nini. Mama Shebughe alishika mwiko hewani, uso umempauka. Na mimi, nawaambieni msimwambie mtu, nilisema moyoni: huyu sasa atasema. Atasema "si nilisema," na harusi itageuka mkutano wa kampeni.

Mzee Hoza hakusema. Aliangaza huku na huku, akaona sinia la unga wa chapati uliokandwa. Akakata donge. Akapiga magoti kwenye majivu na kanzu yake ile, akasogeza kuni pembeni, akalibandika donge kwenye ncha ya mwiko mrefu, akaligandamiza chini ya sufuria pale penye tundu. Donge likaiva, likashika. Likianguka, anabandika jingine. Wakwe wakapokelewa na mashemeji. Baba wa bibi harusi yuko chini ya sufuria.

Mjomba wa bwana harusi, mtu mdadisi, akaja mpaka jikoni kumtafuta. Akamkuta ana masizi mpaka kwenye ndevu.

"Vipi, mkwe? Sufuria imetoboka?"

Mzee Hoza hakuinua hata kichwa. "Haijatoboka," akasema. "Inatoa jasho. Jikoni kuna joto."

Mama wee! Mama Shebughe aliangusha mwiko. Vigelegele vilipigwa mpaka mjomba wa watu akadhani ndiye anayeshangiliwa, akapunga mkono. Ni hapo hapo jikoni, kabla pilau haijapakuliwa, akina mama walipoanza kuimba wakipiga masinia, upande mmoja "Ukimtabiria jirani!" na upande wa pili "Kamsomee mlangoni!" Bibi harusi akaingizwa ukumbini kwa wimbo huo. Watu mia nne walikula, wakwe wakaomba na ukoko, na Mwanaidi mpaka leo anaitwa Mwanaidi.

Wiki iliyobaki kabla ya kura, watu walisomeana milangoni. Wengi waliona uvivu, wakafuta wenyewe. Mzee Kupaza alikwenda kusoma kwa simu ya mkewe, akakaribishwa chai, akarudi jioni. Nani alishinda? Mimi ni admini, msiniulize. Shule ina rangi ile ile iliyokuwa nayo.

Lakini mimi lilinikaa jambo langu moja. Jumatatu baada ya harusi nikavaa viatu, nikaenda kwa Mzee Hoza, nikapiga hodi. Sikuwa nimeandika popote, kwa hiyo nilisema kwa mdomo: "Mzee Hoza, juzi jikoni nilikutabiria moyoni. Nilisema utasema 'si nilisema.' Nimekuja kukusomea."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hukukosea sana, Bi Saumu. Lilikuwa limefika hapa." Akajigusa koo.

"Likazuiwa na nini?"

"Nilikuwa nimeinama," akasema. "Nikaiona miguu yake."

Ndiyo hivyo, wanangu. Ukimtabiria jirani, kamsomee mlangoni.